UFAFANUZI KUHUSU BUNDUKI ZA SHABAHA NA ZA UWINDAJI: MFANO WA TITYE, MKOANI KIGOMA

Wananchi na watumishi wa Serikali hukumbushwa mara kwa mara wajibu wa kumiliki silaha kwa mujibu wa sheria. Ni nadra, hata hivyo, kuelezwa silaha yenyewe ni kitu gani, inafanya kazi kwa namna gani, na kwa sababu ipi sheria imeiruhusu hii na kuikataza ile. Ukurasa huu umeona inafaa kutoa maelezo hayo kwa urefu kidogo, kwa kuwa mtu asiyejua sababu ya katazo huliona kuwa ni usumbufu tu wa ofisi.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyehamishiwa Titye, katika Wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Amewakuta wenyeji wake wakilalamika kwamba nyani na nguruwe mwitu hawawaachii mahindi wala mihogo. Alipokuwa kijana alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, akafundishwa kulenga shabaha, na mchezo huo akaupenda. Upande wa mashariki, kuelekea mabonde ya Moyowosi na Malagarasi, kuna nyati, nyamera, tohe na wanyama wengine ambao watu huwinda kwa leseni. Sasa anataka bunduki moja itakayomfaa kwa yote, na amesikia kwamba katika nchi nyingine wapenzi wa shabaha wanazisifu sana bunduki za nusu otomatiki zilizotengenezwa kwa usahihi wa hali ya juu. Anauliza achague ipi.

Jibu fupi ni kwamba asichague hata moja ya aina hiyo. Jibu refu ndilo lenye manufaa, maana ndani yake atapata bunduki inayomfaa zaidi.

Kwanza ieleweke maana ya maneno. Bunduki ya otomatiki ni ile ambayo ukibana kifyatulio na kukishikilia, risasi hutoka mfululizo mpaka ukiachie au magazini iishe. Bunduki ya nusu otomatiki hutoa risasi moja kwa kila mbano, lakini hujikoki yenyewe. Risasi inapokwenda mbele mtutuni, sehemu ndogo ya gesi ya baruti hupitia tundu lililo ubavuni mwa mtutu na kusukuma pistoni. Pistoni hurudisha bolti nyuma, ganda tupu hutupwa nje, kisha springi huirudisha bolti mbele ikiwa imechukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Haya yote hutendeka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mpigaji hana la kufanya isipokuwa kubana tena. Hapa nchini aina hii inajulikana zaidi kwa jina la SAR, bunduki iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov katika miaka ya 1940, ikatengenezwa kwa wingi China, nayo hubeba risasi 10. Watu wengi waliopata mafunzo ya mgambo wameishika. Ile iitwayo SMG ni nyingine: hiyo ina swichi, na yaweza kupiga moja moja au mfululizo.

Aina ya tatu ni bunduki ya kukoki kwa mkono. Baada ya kila risasi, mpigaji huinua mkono wa bolti, huuvuta nyuma ili ganda litoke, huusukuma mbele ili risasi mpya iingie chemba, kisha huufunga. Mfumo huu ulikamilika kiasi cha kutosha katika bunduki ya Mauser ya mwaka 1898, na nyingi zinazotengenezwa leo bado zinaufuata kwa karibu. Mtu aweza kuudharau kwa umri wake. Asifanye haraka.

Kuhusu sheria, hali ni hii. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa silaha za otomatiki na za nusu otomatiki, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi. Katazo hilo limewekwa pamoja na makatazo ya kuwinda kwa gari, kwa sumu, kwa mitego na kwa chombo cha kupunguza mlio wa bunduki. Kwa hiyo hata mgeni anayekuja kutoka ng'ambo kwa uwindaji wa kitalii, mwenye fedha zake na leseni zake, huacha bunduki yake ya nusu otomatiki nyumbani kwao. Aidha, Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuweka katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu otomatiki. Umiliki wa silaha nyingine za kiraia uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini nchi za ukanda huu zilikubaliana jambo kali namna hiyo. Mkazi wa Titye hahitaji kuelezwa. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kigoma na mikoa ya jirani, wengi wao wakiwa hawana kitu ila watoto mgongoni. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo. Wakimbizi hao walikuwa wakizikimbia bunduki. Lakini vita vikiwa jirani, silaha zake hazikai upande mmoja wa mpaka, na wahalifu wa kila uraia walizipata kwa bei ndogo. Waliosafiri kati ya Kasulu na Kibondo katika miaka ile wanakumbuka mabasi yaliyosindikizwa na askari wenye silaha, na abiria walivyokuwa wakinyamaza gari lilipoingia msituni. Silaha zilizotisha barabara ile zilikuwa hizi hizi zinazojikoki zenyewe. Askari akikutana na raia mwenye bunduki ya namna hiyo porini leo, hana njia ya kujua kwamba huyo ni mpenzi wa shabaha.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Uingereza ilizipiga marufuku bunduki za nusu otomatiki za risasi kubwa mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987, ikabakiza zile ndogo za .22. Australia ilifanya hivyo mwaka 1996, baada ya mtu mmoja kuwaua watu 35 huko Port Arthur, katika kisiwa cha Tasmania. New Zealand ilifuata mwaka 2019. Ujerumani inamruhusu mwindaji kuitumia, ila isiwe na zaidi ya risasi 3 kwa jumla. Marekani imekwenda njia yake, na ni huko ambako sifa nyingi za bunduki hizi hutoka.

Tuje sasa kwenye usahihi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Usahihi wa bunduki hautokani na wingi wa risasi zake. Unatokana na mtutu: mifereji ya msokoto iliyochongwa ndani yake, ambayo huizungusha risasi ili isiyumbe hewani, unatokana na chemba kuishika risasi sawasawa kila mara, unatokana na kitako kisichosukuma mtutu huku na huku, na kifyatulio kinachoachia kwa mbano mwepesi usiobadilika. Bunduki ya nusu otomatiki ina pistoni na bolti zito vinavyotembea ndani yake kila inapopigwa, na kifyatulio chake kwa kawaida ni kizito zaidi. Mafundi wa leo wameyashinda matatizo hayo kwa sehemu kubwa, na ziko bunduki za aina hiyo zinazopiga vizuri mno. Lakini zimefika hapo kwa gharama kubwa na ufundi mwingi, ambapo bunduki ya kukoki kwa mkono hufika kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Anayetaka ushahidi atazame Michezo ya Olimpiki. Katika shindano la bunduki la mita 50 mpigaji hupiga akiwa amepiga goti, amelala na amesimama, na duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4, yaani dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Bunduki inayotumika ni ya .22, na risasi huingizwa kwa mkono moja baada ya nyingine. Katika shindano la mita 10 hutumika bunduki ya upepo yenye kijirisasi cha milimita 4.5, na pointi 10 ni nukta ya nusu milimita tu. Ni kwa bunduki hiyo ya upepo Abhinav Bindra aliipatia India medali yake ya kwanza ya dhahabu ya mtu mmoja mmoja, mjini Beijing, mwaka 2008. Hakuna aliyeshinda kwa kuwahi kupiga ya pili.

Upande wa uwindaji, hoja inazidi kuwa nzito. Risasi ya SAR, ile ya milimita 7.62 kwa 39, ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka na nguvu ya jouli 2,000 kwa makadirio. Risasi ya .375 H&H, ambayo iko tangu mwaka 1912, ina uzito wa zaidi ya gramu 19 na nguvu inayokaribia jouli 5,800. Kwa nyati, .375 ndiyo ya chini kabisa inayokubalika hapa nchini, na askari wa wanyamapori kwa miaka mingi wamebeba .458 iliyo nzito zaidi. Mtu anayempiga nyati kwa risasi ndogo, hata akimpiga mara 5, anamtengeneza nyati aliyejeruhiwa. Na nyati huyo hataishia mikononi mwake bali atangoja kwenye majani marefu mama mmoja anayekwenda kukata kuni. Msomaji wa Visiwani, aliyezoea habari za wasasi wa Unguja na mbwa wao wakimfuata paa, huenda asiione hatari hii ilivyo. Nyati dume ana uzito wa kilo 600 na zaidi.

Kuna na jambo la tabia. Mwenye risasi nyingi zinazojikoki huifanyia haraka ile ya kwanza, akijua ya pili iko tayari. Mwenye kukoki kwa mkono hungoja mnyama ageuke ubavu. Wawindaji mabingwa wanaotaka risasi ya pili ya haraka mbele ya nyati au tembo hawakutafuta nusu otomatiki. Walitengenezewa bunduki ya mitutu miwili, yenye risasi mbili tu, na wameitegemea kwa zaidi ya miaka mia.

Basi mtumishi wetu wa Titye achague nini? Inategemea anayotaka kuyatenda kwa ukweli, si anayoyaota. Ikiwa shida yake ni nguruwe mwitu na nyani shambani, inayomfaa ni shotigani, inayopiga marisau. Marisau huishiwa nguvu mapema, na jambo hili lina uzito mkubwa sana katika nchi ya vilima iliyo na watu wengi. Risasi ya raifo ikimkosa mnyama yaweza kwenda kilomita 3 na zaidi. Kwenye miteremko ya Kasulu, kilomita 3 ni kilima cha pili, na kilima cha pili kina migomba ya mtu na nyumba ya mtu. Akiwa na shotigani, mita zake zisizidi 40, na asipige mpaka aone kilichopo nyuma ya mnyama.

Ikiwa anataka kuwinda wanyama wa kadiri kama tohe au nyamera kwa leseni, achukue bunduki ya kukoki kwa mkono ya .30-06 au .308. Zote mbili ni za zamani, za mwaka 1906 na 1952, na risasi za aina zilizoenea hupatikana kwa urahisi kuliko zile za mitindo mipya. Bunduki nzuri isiyopatikana risasi ni fimbo ghali. Hiyo hiyo itamfaa kwa shabaha ya mita 100 hadi 300. Ikilinganishwa na usawa wa mita 100, risasi ya .308 itashuka sentimita 10 hivi kwenye mita 200, na karibu sentimita 40 kwenye mita 300, hivyo asiyejua umbali hatapata kitu hata akiwa na darubini ya bei kubwa. Katika miombo na majani ya Moyowosi, hata hivyo, ni mara chache mtu kuona mnyama zaidi ya mita 100. Darubini ya kukuza mara 4 inatosha. Zile kubwa zinazovutia dukani huongeza uzito na kumwonyesha mwindaji sikio la mnyama wakati alitakiwa kuona kundi zima.

Nyati asimpangie na bunduki hiyo. Akimtaka nyati, ni .375 na kuendelea, na afuatane na mtu aliyekwisha kumwona nyati akija.

Bunduki yenyewe aishike kabla ya kulipa. Akiiweka begani macho yakiwa yamefumbwa, kisha akayafumbua, jicho linatakiwa likute tayari vilengeo. Ikimlazimu anyooshe shingo, kitako si chake. Avute bolti mara kadhaa: iteleze, isikwame. Atazame ndani ya mtutu kuelekea kwenye mwanga, kwa kuwa mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza Oktoba na kuendelea mpaka Mei, na kutu huila mifereji ya mtutu uliowekwa bila mafuta. Bunduki iliyotumika, yenye mtutu safi, ni bora kuliko mpya yenye kifyatulio kizito. Akisha kuipata, ailinganishe vilengeo katika uwanja wa shabaha unaokubaliwa na mamlaka, wenye tuta nene la udongo nyuma ya ubao. Mti wa mwembe nyuma ya nyumba ya Serikali si tuta.

Inabakia habari ya gobore, ambayo haiwezi kuachwa pale panapozungumzwa bunduki za Titye, kwa kuwa ndiyo bunduki ambayo wanakijiji wengi wanaijua. Gobore hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa mbele, na kuwashwa kwa fataki. Mtutu wake ni laini ndani, hauna msokoto, kwa hiyo hauna shabaha ya kuaminika kupita hatua chache. Nyingine zimefuliwa na wahunzi kwa mabomba ya maji ambayo hayakukusudiwa kustahimili mlipuko, na zimewapasukia wenyewe usoni. Tena moshi wa baruti nyeusi humziba macho mpigaji kwa wakati ule ule anaotaka kujua mnyama amekwenda wapi. Hata askari wa Kijerumani waliliona hilo: mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza wengi wao walikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871 zilizotumia baruti ya moshi, na moshi huo uliwaonyesha adui mahali walipolala, waliposhinda vita vya Tanga mnamo Novemba 1914, mojawapo ya faida zao kubwa ilikuwa kuteka bunduki za kisasa 455 na risasi 600,000. Gobore isiyosajiliwa ni kosa kama silaha nyingine yoyote, hata kama babu ndiye aliyeifua. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, kama ilivyofanya mwezi Septemba na Oktoba 2022, ambapo aliyeleta silaha yake hakushtakiwa.

Maombi ya kumiliki silaha huanzia chini na si juu. Mwombaji wa Titye atajulikana kwanza kijijini kwake, ambako kamati ya ulinzi na usalama itasema kama inamfahamu kuwa ni mtu wa namna gani. Kisha kata, kisha wilaya, ambapo Polisi humchunguza, na ngazi za juu zaidi. Wako wanaonung'unika kwamba njia hiyo ni ndefu, na ni ndefu kweli. Lakini jirani ndiye anayejua nani akilewa hupiga watu nyumbani, habari ambayo faili la Dar es Salaam halina. Kibali cha kumiliki silaha si leseni ya kuwinda. Hivi ni vitu viwili vya mamlaka mbili, na leseni ya kuwinda hutaja aina ya mnyama, idadi yake na eneo. Mwenye shamba aliyeua mnyama kwa kujihami au kulinda mali yake anapaswa kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori bila kuchelewa, na nyama wala ngozi si yake. Pale mazao yanapoharibiwa na tembo, nyati au kiboko, upo utaratibu wa kifuta jasho unaoanzia kwa ofisa huyo huyo, na mwananchi aufuate kabla hajafikiria bunduki.

Nyumbani, bunduki ikae chini ya kufuli, bila risasi, na risasi zikae mahali pengine chini ya kufuli ya pili. Mwenye kibali anapofariki, kibali hakirithiwi pamoja na ng'ombe na shamba. Wafiwa waipeleke bunduki pamoja na risasi zote na kitabu chake kituo cha Polisi kilicho karibu, wapewe hati ya kupokelewa, na mrithi anayeihitaji aanze maombi yake mwenyewe kijijini kama alivyoanza marehemu. Kwa Titye, wasiokuwa na usafiri wa kufika Kasulu mjini watoe taarifa kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji ili Polisi waarifiwe, na bunduki isiguswe mpaka wafike.